Bwawa lisilomwagwa

Fundi alikuja na pampu ya kunyonyea maji, mpira mrefu wa bluu, na vijana wawili waliobeba brashi za waya. Akavipanga vyote ukingoni, akayatazama maji yaliyokuwa yamegeuka kijani kizito, akatingisha kichwa kama daktari aliyeshaona ugonjwa.

"Dada, hapa hakuna kuhangaika. Leo tunamwaga yote, kesho vijana wanasugua, keshokutwa unaita boza unajaza. Wiki haiishi watoto wako ndani."

Masika yalikuwa ndiyo yanaishia na ardhi ya Ununio, hapa pwani ya Dar, ilikuwa bado imeshiba. Kabla sijamjibu nilikwenda kwenye kona ya bwawa letu la kuogelea, upande wa mpapai. Pale kuna bomba la plastiki la inchi nne lililosimikwa wima, mdomo wake uko usawa wa sakafu ya nje na umezibwa kwa kizibo cha kuzungusha. Nikafungua kizibo, nikashusha uzi niliofunga nati nzito mwishoni. Nati iligusa maji mapema mno. Nilipoupima uzi ulioingia, haukufika sentimita 50.

"Fundi, leo hatumwagi."

"Kwa nini, Dada?"

"Maji yamelizunguka bwawa lote kwa chini. Tukiyatoa haya ya ndani, litanyanyuka."

Akanitazama, akalitazama bwawa. "Linyanyuke? Sasa bwawa gani hilo haliwezi kumwagwa?"

Aliuliza kwa dhati kabisa. Ni fundi mzuri, miaka mingi amehudumia mabwawa ya zege yenye vigae, na kule kumwaga na kusugua ni kazi ya kawaida. Tuliachana kwa amani, nikamlipa nauli yeye na vijana wake. Lakini swali lake lilibaki hapa nyumbani. Limenisumbua wiki kadhaa, nikiwa jikoni, nikiwa kwenye foleni ya Tegeta, nikiwa nimekaa ukingoni na kipimo cha klorini mkononi.

Bwawa gani haliwezi kumwagwa?

## Uzito uko kwenye maji

Bwawa la faiba ni boti iliyofukiwa. Linatengenezwa kwa namna ileile: kalibu kubwa iliyopinduliwa, inapuliziwa kwanza jelkoti, yaani ule utando laini wenye rangi ambao ndio tunaougusa tukiwa ndani ya maji, kisha rezini, yaani gundi inayoganda, kisha nyuzi za kioo na rezini tena, tabaka juu ya tabaka. Likikauka linabanduliwa, linageuzwa, linapandishwa kwenye lori likiwa kipande kimoja. Ndiyo maana mabwawa haya mengi hayazidi upana wa mita tano hivi. Zaidi ya hapo barabara haiyapitishi.

Letu lina urefu wa mita 8 na upana wa mita 3.6. Ganda lenyewe lina uzito wa tani moja hivi. Likijaa linabeba lita 40,000, ambazo ni tani 40.

Ukishaziona namba hizo mbili zikiwa pamoja, huhitaji maelezo marefu. Kinacholiweka bwawa chini si saruji ya pembeni wala vigae vya ukingoni. Ni maji yaliyomo. Ukiyatoa, kinachobaki ni ganda jepesi lililokaa ndani ya shimo, na shimo hilo hapa pwani lina maji yake.

Chukua sakafu ya mita za mraba 20. Maji ya ardhini yakipanda sentimita 20 tu juu ya usawa wa sakafu hiyo, yanaisukuma kwenda juu kwa nguvu ya tani nne. Ganda la tani moja litafanya nini?

Siku ile ya fundi, maji ya bombani yalikuwa karibu nusu mita tu chini ya uso wa ardhi. Ya bwawani yalikuwa kama sentimita 15 chini ya ukingo. Ya ndani yaliyazidi ya nje kwa sentimita 35 au pungufu kidogo. Hiyo ndiyo akiba yote tuliyokuwa nayo.

Nimeliona lililonyanyuka. Ilikuwa Mbweni, masika ya 2024, yale yaliyokuja juu ya mvua za El Niño za mwishoni mwa 2023 wakati ardhi ilikuwa haijapata nafasi ya kukauka. Nyumba ilikuwa ya kupangisha, na mpangaji mpya alikuwa anahamia, basi bwawa likamwagwa ili lisafishwe. Mvua ikanyesha usiku. Asubuhi upande wa kina kirefu ulikuwa umepanda kiasi cha kiganja kilichosimamishwa. Vigae vya ukingoni vilikuwa vimepasuka mstari mzima, mabomba ya kwenye skima, lile tundu la ukutani linalovuta maji ya juu, yamekatika, na hatua za kuingilia zimeinama kuelekea ukutani.

Mwenye nyumba alikuwa anauliza kama likijazwa maji tena litashuka.

Halishuki. Likishanyanyuka, tope na kokoto huteleza na kukaa chini yake. Nafasi yake imeshachukuliwa.

## Kokoto za Lugoba

Siku ya kulifunga bwawa letu ilikuwa na ubishi ambao wakati ule niliuona wa fedha tu. Baba watoto alitaka pembeni pajazwe mchanga. Mchanga ulikuwa tayari upo uwanjani, umebaki kwenye ujenzi wa ukuta, na ulikuwa rahisi. Msimamizi wa ufungaji akakataa katakata. Alitaka kokoto za Lugoba, zile ndogo zilizochekechwa vizuri, lori zima na zaidi.

"Kaka, mchanga ukilowa unatembea," alimwambia. "Kokoto zinabaki zilipo."

Ameniachia maneno hayo, na kila masika nayakumbuka. Mchanga uliojaa maji hugeuka uji na kulisukuma ganda ubavuni, na ubavu wa faiba ni mwembamba, unabonyea ndani. Kokoto zinaacha maji yapite katikati yake, yashuke hadi chini, yakusanyike kwenye lile bomba la kona. Bila kokoto, bomba lingekuwa pambo tu.

Winchi ilipolishusha shimoni, kazi ilienda pole kuliko nilivyotarajia. Mpira wa maji ndani, kokoto nje, kwa zamu. Maji yakipanda sentimita 30, kokoto zinapanda sentimita 30. Ukitanguliza maji, kuta zinatuna kwenda nje, na ukitanguliza kokoto zinabonyea ndani. Kwa hiyo hata siku ya kwanza bwawa hili halikuwahi kusimama likiwa tupu ndani ya shimo lake. Nilikuwepo, nilitazama kwa macho yangu, nilishika hata kamba ya kupimia.

Fundi wa brashi za waya hakuwepo siku ile. Angejuaje?

Na hili ndilo lililonifanya nianze kuandika. Watu wanaonunua faiba hapa Dar wanaongezeka, na wanaambiwa na wauzaji kwamba faiba haina kazi. Kuna ukweli ndani yake. Uso wake hauna vinyweleo, ukungu haupati pa kushika kama kwenye zege, klorini inayotumika ni pungufu, na hakuna vigae vya kubanduka. Lakini nyumba zinauzwa, zinapangishwa, walinzi na wafanyakazi wanabadilika. Atakayekuja kusimama ukingoni na pampu mkononi mara nyingi si yule aliyeshuhudia kokoto zikiingia. Kwa juu bwawa la faiba na la zege yanafanana. Hakuna kitu kinachomwambia fundi kwamba hili akilimwaga ovyo wakati wa mvua anaweza kuliharibu kwa usiku mmoja.

Na la zege nalo, niseme ukweli, linaweza kunyanyuka maji yakizidi. Ila lina uzito wa kulibakisha chini muda mrefu zaidi. Mabwawa mengine huwekewa vali sakafuni ya kuruhusu maji ya ardhini yaingie ndani badala ya kulisukuma ganda. Letu halina tundu lolote sakafuni. Tuna bomba la kona na uzi wenye nati.

## Kijani, kisha kahawia

Basi maji ya kijani tuliyasafisha yakiwa mlemle ndani.

Cha kwanza ilikuwa kutoa majani na tope la juu kwa wavu. Kisha kupima. Kipimo changu ni kile cha matone, cha vijibomba viwili: kimoja cha klorini kinakwenda njano, kingine cha pH, yaani kiwango cha uasidi wa maji, kinaanzia njano kinapita chungwa hadi waridi. Klorini haikuonyesha rangi yoyote. pH ilikuwa waridi iliyokolea, juu ya 8.

Watu wengi hapa wanamwaga klorini kwanza. Mimi nilishusha pH kwanza, kwa asidi, kidogo kidogo, pampu ikiwa inazunguka. Sababu ni hii: klorini ile ile, kwa kiasi kile kile, kwenye pH ya 7.5 karibu nusu yake iko katika hali inayoua vijidudu kwa haraka. Kwenye pH ya 8 inabaki robo au chini ya hapo. Ukitia klorini kwenye maji yenye pH ya juu, sehemu kubwa ya fedha yako inaelea tu humo bila kazi.

Asidi na klorini havikutani kamwe, si kwenye ndoo moja, si kwenye rafu moja ya stoo. Hapo sina mzaha na mtu. Wala unga wa klorini wa aina moja hauchanganywi na vidonge vya aina nyingine, kwa kuwa mchanganyiko huo unaweza kuwaka au kulipuka. Na siku zote maji ndiyo yanayotangulia kwenye ndoo, dawa inafuata.

Klorini nikaitia baada ya Magharibi, jua likiwa limezama, maana jua la Dar linaila klorini ndani ya saa chache. Niliiyeyusha kwanza kwenye ndoo. Punje zikizama zikiwa nzima na kulala kwenye jelkoti, zinaacha madoa meupe yasiyotoka. Tukasugua kwa brashi ya nailoni. Brashi za waya za wale vijana zingekwaruza utando, na vipande vya waya vinavyokatika vinabaki sakafuni kuota kutu.

Asubuhi kijani kilikuwa kimeanza kuwa kijivu. Pampu ikazunguka, chujio la mchanga likajaa, tukaliosha kwa kurudisha maji nyuma kila mshale wa presha ulipopanda, tukarudia. Siku zilipita. Maji yakawa meupe, kisha yakawa angavu.

Hapo ndipo likaonekana doa.

Lilikuwa la kahawia, limetanda kwenye hatua ya pili na kushuka sakafuni mithili ya ramani. Mama mkwe alikuwa amekuja kutusalimia, akasema mwanangu hili ni tope, lisugueni kwa steel wire. Tukamshukuru, hatukusugua. Nikaingia kwenye maji nikiwa na kidonge cha vitamini C, vile vya kawaida vya duka la dawa. Nikakikandamiza kwenye doa kwa kidole gumba, nikahesabu taratibu hadi nilipochoka kuinama, nikakiondoa.

Palibaki duara safi, jeupe kabisa, lenye ukubwa wa kidonge.

Nilibaki nalitazama. Maana yake doa lilikuwa chuma. Wakati wa kiangazi tulikuwa tunaongezea maji kutoka kisimani, na maji ya kisima chetu yana chuma kilichoyeyuka, hakionekani kwa macho. Klorini ikiwa nyingi inakigeuza kuwa kutu, kutu inazama na kushika jelkoti. Yaani dawa ileile iliyoondoa kijani ndiyo iliyoleta kahawia. Tuliiacha klorini ishuke, tukanunua vitamini C ya unga, nusu kilo hivi, tukainyunyiza juu ya madoa, na kabla ya jioni hatua zilikuwa nyeupe. Baadaye tukatia dawa ya kushikilia madini ili kutu isirudi klorini ikipandishwa tena.

Fundi angemwaga, angesugua, angejaza kwa boza la maji ya kisima cha mtu mwingine. Doa lingerudi.

## Kubadilisha bila kumwaga

Swali la fundi lina upande mwingine ambao nauchukulia kwa uzito. Kuna mambo kwenye maji ambayo hayaondoki kwa dawa. Vidonge vya klorini tunavyovitia kwenye kikapu cha skima vina asidi ya sayanuriki ndani yake, inayoikinga klorini na jua. Ni msaada mkubwa kwa hali ya hewa yetu. Lakini klorini inatumika inaisha, asidi hiyo haiishi. Inajilimbikiza mwezi kwa mwezi. Ikizidi sana, klorini inakuwa imefungwa mikono: kipimo kinasema ipo, na ukungu unaota mbele yako. Kiasi kizuri ni miligramu 30 hadi 50 kwa lita. Kuishusha, njia ya nyumbani ni moja tu, kutoa maji na kutia mengine.

Basi bwawa lisilomwagwa lina lazima ya kupunguziwa maji, na hapo nilikaa na wasiwasi kwa muda. Nilichoishia kukifanya ni kukingoja kiangazi, Agosti au Septemba, uzi wa bombani unaposhuka na kushuka usikutane na maji mpaka chini kabisa. Wakati huo tunatoa sehemu, kamwe si zaidi ya theluthi, tunajaza, tunaacha yachanganyike, tunapima. Ikihitajika tunarudia. Miezi mingine natumia klorini isiyo na sayanuriki, kazi yake ni kubwa kidogo kwa kuwa lazima itiwe kila jioni, lakini hailimbikizi chochote kinachonilazimisha kutoa maji.

Mvua nazo zinasaidia. Masika yanapolijaza bwawa hadi ukingoni na kulazimu kulipunguza, yale yanayotoka yanabeba sehemu ya sayanuriki. Najua ukomo wangu: nashusha hadi katikati ya mdomo wa skima, basi, hata jua liwake namna gani.

## Maji ya nani?

Hili ndilo gumu kuliko yote, na sijalimaliza.

Oktoba 2022 mto Ruvu ulipungua kwa ukame, na Dar ikaingia kwenye mgao wa maji. Mtaani kwetu madumu yalianza kupangwa alfajiri. Maboza yalipanda bei na hata ukiwa na fedha yalikuwa hayaji kwa siku uliyoomba. Na mimi nyuma ya ukuta nilikuwa na lita 40,000 zimetulia, bluu, zinameremeta.

Nilikuwa naona aibu kufungua geti.

Jirani yetu, mama mtu mzima anayeuza maandazi, alikuja jioni moja na ndoo mbili. Akaniamkia yeye kwanza, jambo lililonichoma, nikamwahi, "Shikamoo Mama." Akasema, "Marahaba mwanangu. Nimekuja kuuliza, haya maji yenu ya kuogelea yanafaa kumwagia chooni? Ya kunywa tunanunua, lakini ya choo yanatumaliza."

Yalifaa. Yalifaa chooni, kudekia, kufulia mazulia. Hayafai kunywa wala kupikia, na hilo nilimwambia kila aliyekuja. Yaliyokuwa yanafaa kwa kazi hizo yalichotwa, na watu wa mtaa waliochota walikuwa wengi. Maji yakashuka chini ya mdomo wa skima, tukazima pampu, nikawa natia klorini kwa mkono na kukoroga kwa brashi. Kila asubuhi nilishusha uzi bombani kwanza, ukarudi mkavu. Ardhi ilikuwa na kiu kuliko sisi. Wakati ambao mtaa ulikuwa unayahitaji zaidi ndio wakati ambao bwawa lingeweza kuyatoa bila hatari.

Tangu hapo nikaanza kuhesabu kwa madumu. Bwawa la ukubwa wetu, uso wake ukipoteza milimita 5 kwa siku ya jua na upepo, linapeleka hewani lita 140 na kitu. Madumu saba. Kila siku, bila mtu kuogelea, bila mtu kuchota. Kuna familia zinazoishi siku nzima kwa madumu saba.

Sijawahi kupata jibu la kunifanya nilale vizuri juu ya hesabu hiyo. Nilichopata ni kuipunguza. Tulianza na lile turubai la mapovu linalouzwa kwa ajili ya mabwawa, lakini hilo limetengenezwa kwa nchi za baridi, linapasha maji joto, na kwa Dar maji yakawa vuguvugu na ukungu ukapata raha. Sasa tunatumia turubai zito, jeupe, lisilopitisha mwanga, lililovutwa kwa kamba pande zote na kufungwa kila bwawa lisipotumika. Mfereji wa paa la nyuma tuliupeleka kwenye simtanki, na vuli tunajaza humo. Maji ya paa hayana chuma kama ya kisima. Ni laini mno, pH yake inayumba, inabidi kupima mara kwa mara, ila ni maji ambayo hayakutoka kwenye dumu la mtu.

Kujua kama upungufu ni jua au ni ufa, ninaweka ndoo yenye maji juu ya hatua, kiwango cha ndani na nje kikiwa sawa, naiacha usiku na mchana. Vikishuka pamoja ni jua. Bwawa likishuka zaidi, kuna mahali panavuja, na kwa faiba mara nyingi ni kwenye maungio ya bomba, ganda huwa zima. Natamani kila mwenye bwawa mjini humu afanye jaribio hili kabla ya kuita boza lingine.

## Uzio

Kwa hili nitakuwa mfupi kwa kuwa halina mjadala kwangu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Bwawa lenye ukuta wa nyumba upande mmoja na uzio pande tatu halijafungwa, maana mlango wa jikoni unafunguka kuelekea majini. Letu lina uzio pande zote nne, na geti linalojifunga lenyewe, komeo lake liko juu ambako mtoto hafiki.

Na turubai siyo uzio. Mtoto akilikanyaga linamfunika.

Watoto wa mtaa huja Jumamosi asubuhi na mzazi mmoja mmoja, na kuna binti wa chuo anayewafundisha kuelea na kupumua. Tunaishi hatua chache kutoka bahari ya Hindi na watoto wengi hapa hawajui kuogelea. Naona bwawa linapata haki yake kidogo kwa Jumamosi hizo.

## Vipele

Mwaka huu nimeviona kwenye ukuta wa upande wa kina kirefu, chini ya mstari wa maji. Ni vipele vidogo, vimekusanyika pamoja, unavigundua kwa kupitisha vidole kabla ya kuviona. Maji hupenya jelkoti pole pole kwa miaka, yanakutana na mabaki ya rezini nyuma yake, yanavimbisha utando. Boti za faiba zinazokaa majini muda mrefu huvipata pia, kwa hiyo safari hii sikumwita fundi wa mabwawa. Nilikwenda Kunduchi nikamtafuta mzee anayekarabati boti.

Alikuja na miwani ya kuzamia na sarafu. Aliingia kwenye maji na nguo zake za kazi, akawa anagonga ukuta kwa ukingo wa sarafu, kidogo kidogo, sikio moja likiwa karibu kabisa na jelkoti juu ya maji. Penye uzima sauti ilikuwa kavu na kali. Alipofika kwenye kona ya skima ikawa nzito kidogo, akarudia hapo mara kadhaa, akasogea.

Nilimuuliza kama tunaweza kusubiri Septemba, bomba likiwa kavu, tuegemeze mbao kutoka ukuta hadi ukuta ili kuta zisibonyee, tushushe maji, akwangue vipele, akaushe, apake upya. Nilikuwa nimeshalipanga lote kichwani. Pampu ndogo ya kushushwa bombani nilikuwa nimeshaiulizia bei Kariakoo.

"Inawezekana, mwanangu," alisema. "Kukausha kwenyewe lakini si siku mbili. Faiba iliyonyonya maji inataka jua la muda mrefu, na ukipaka mapema vitarudi hivyohivyo. Bwawa likae tupu wakati wote huo? Kwa vipele hivi?"

Kisha akaniambia kitu ambacho muuzaji yeyote wa jelkoti asingeniambia: kwamba vya ukubwa huu havidhuru ganda, ni sura tu, na kwamba ameona boti zenye vipele kama hivi zikivua miaka kumi zaidi. Alinionyesha jinsi ya kuvipiga picha nikiwa nimeweka rula pembeni, nifanye hivyo kila robo mwaka, na nisiruhusu mtu yeyote avitoboe kuona kilichomo.

Nimeamua vibaki. Baba watoto hajaridhika, anasema tukija kuuza nyumba mnunuzi atavishika kwa mkono kama nilivyovishika mimi. Huenda. Nitamwonyesha huyo mnunuzi na bomba la kona, na uzi, na nitamweleza yote.

Mzee amesema nimpigie kipele kikifika ukubwa wa sarafu ya mia mbili, au mahali pale pa skima pakianza kubonyea kwa kidole. Kikubwa kuliko vyote kwa sasa ni kama punje ya choroko.